Bundi Juu ya Bati la Jovina

Siku ya kwanza nilipofanya biashara na Jovina, alinivunjia samaki. Nilikuwa nimepanga migebuka wakavu kutoka Kasanga, kule ziwani, juu ya turubai, pale sokoni Sumbawanga, naye akaja na kapu la maharage kichwani, akachuchumaa, akachagua mgebuka mnono kuliko wote, akamvunja shingo kama mtu anayevunja kijiti cha kuwashia jiko. Akamnusa ndani. Akasema huyu alinyeshewa njiani akaanikwa mara ya pili. Ilikuwa kweli.

“Umemvunja, umemnunua,” nikamwambia.

“Sijamnunua. Nimekusaidia kumjua.”

Tukabishana mpaka wenzangu wa meza za jirani wakaacha kazi zao wakawa wanasikiliza. Mwishowe aliondoka na samaki wengi kuliko maharage aliyoniachia yalivyostahili, na yule aliyevunjwa akamchukua bure. Mimi nilianza na sinia moja la dagaa, sikuwa na mume wala mjomba wa kunishika mkono, na kila nilicho nacho nimekipata kwa kubishana. Mtu akinishinda kwenye bei huwa simsahau. Wiki iliyofuata nikamfuata kwao Pito.

Kule nikagundua kwamba sikuwa nimeshindwa na mtu mmoja. Kina mama wa upande ule walikuwa wanaweka maharage yao pamoja kwenye ghala la Jovina, na hakuna aliyeuza hata kopo moja la kisado bila neno lake. Madalali walishajaribu kuwapitia mmoja mmoja milangoni wakarudi mikono mitupu. Ukikubaliana na Jovina, umekubaliana na Pito nzima. Akikukataa, rudi mjini. Nikamuuliza Rosina, mmoja wa wale kina mama, kwa nini wanamsikiliza kiasi hicho mtu ambaye si kiongozi wa chochote, hata kwenye jumuiya ya kanisani hana cheo. Rosina akasema ni kwa sababu ya bundi. Nilidhani ananitania.

Sisi kwetu ziwani bundi akilia juu ya nyumba, watu hawaulizi anataka nini. Wanaokota mawe, wengine wanatupa chumvi motoni, na asubuhi wanaanza kuhesabu nani mgonjwa. Huku juu Ufipa ni hivyo hivyo. Tofauti ni Jovina. Yeye akisikia bundi amelia kwa mtu, anachota unga wa ulezi, anaweka kwenye ungo, anaenda. Nilimwona kwa macho yangu nyumbani kwa Adolfu, jirani yake, mtu aliyekuwa hasemi na mdogo wake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Vijana walikuwa wameshajaza mawe mikononi. Jovina akawaambia wayaweke chini.

“Huyu ni tarishi,” akasema. “Ukimpiga tarishi, habari aliyokuletea utaipata kwa nani?”

Kwa Jovina, habari yenyewe ilikuwa moja tu: yupo mtu ambaye mwenye nyumba anaweza kufa bila kupatana naye. Basi aitwe, aje ale ugali wa ulezi na mwenye nyumba, sahani moja, chini ya paa lile lile alipolia bundi, kabla jua la kesho yake halijazama. Wasipoombana radhi shauri yao, lakini wale. Adolfu akamwita mdogo wake. Walikula wametazama ukuta, kila mmoja akimega upande wake wa ugali kama ndio ule mpaka wanaougombea. Kufika nusu ya sahani mdogo mtu akasema mboga imekosa chumvi, Adolfu akasema chumvi mmeitupa motoni nyie, na kicheko kikawaponyoka.

Mwalimu Tadei alikuwepo siku ile, amepanga chumba kwa Adolfu na anafundisha historia sekondari. Akatueleza kwamba hofu hii si ya kwetu peke yetu. Warumi wa kale, akasema, bundi akionekana mahali patakatifu walifanya ibada ya kuusafisha mji mzima. Wamisri walimchora kama herufi kwenye maandishi yao ya mawe. Na kule Amerika ya Kati, Wamaya walisimulia kwamba mabwana wa kuzimu walikuwa na bundi wanne wa kupeleka amri zao kwa walio hai. India lakini yupo mungu wa kike wa mali, na bundi ndiye kipando chake. Hapo nikamwomba arudie.

Yule wa India Jovina hakumshughulikia. Alitaka kujua habari za wale wanne.

“Walikuwa wanalishwa?” akauliza.

Mwalimu akasema vitabu vyake havijaeleza. Jovina akasikitika kabisa, akasema kumtuma mtu safari ndefu hivyo bila chakula ni roho mbaya, hata kama wewe ni bwana wa kuzimu.

Nilimuuliza baadaye, tukiwa wawili, kama bundi alidanganya, maana Adolfu hakufa, na mpaka leo ninapoandika anazidi kunenepa. Akajibu kwamba ameahirishiwa. Na wale wanaokufa kweli? Akasema hao angalau wanaondoka wameshiba. Wazee wengine wa Pito walinihakikishia kwamba jambo hili hawakulikuta kwa babu zao, kwamba Jovina kalizua mwenyewe. Padri naye, nasikia, hakumpenda bundi lakini alizipenda zile sahani. Mimi sikuchunguza. Kitu kikifanya kazi, sina haja ya kujua kimetengenezwa wapi. Niliona tu kwamba nyumba nyingi pale Pito zilikuwa na watu wawili waliorudishiana salamu kwa sababu yake, na ndiyo maana neno lake lilikuwa na uzito kuliko mizani yangu.

Halafu bundi akaja kwake.

Nilikuwa palepale. Jua lilikuwa linazama, baridi ya kipupwe imeshaanza kuuma vidole, gari la kubebea maharage linachelewa. Kina mama walikuwa wamekaa barazani wanapeta. Bundi akatua juu ya bati la Jovina, katikati kabisa ya mgongo wa paa, akalia. Akanyamaza kidogo, akalia tena. Nyungo zote zikasimama.

Jovina peke yake ndiye aliyeendelea kupeta.

“Anapita huyo,” akasema.

Rosina, ambaye hajui kunyamaza, akasema polepole, “Mama, kwa Adolfu hukusema anapita.”

Kila mtu barazani alimjua mtu wa kuitwa. Jovina alikuwa na dada yake mkubwa, Kristiana, anayekaa Mazwi kwa mwanawe Leonsi, mwendo mfupi tu wa pikipiki, na walikuwa hawajasemezana tangu mama yao alipofariki. Mama alikuwa anaugulia kwa Kristiana. Bundi akalia juu ya nyumba, na Lazaro, mume wa Kristiana, akamtupia jiwe, akamwangusha chini amekufa. Mama akakata roho kabla hakujapambazuka. Jovina, aliyekuwa ameolewa mbali wakati huo, alifika asubuhi juu ya lori la mahindi akakuta kilio. Alipoelezwa habari ya jiwe, alisimama mbele ya waombolezaji wote akasema Lazaro ameua tarishi kabla hajamfikia yeye, na kwa jiwe lile kamnyima kuagana na mama yake. Baadaye Lazaro naye alifariki. Jovina hakwenda kumzika. Kwetu sisi watu wa huku, kutokwenda kwenye msiba wa shemeji ni tusi ambalo halihitaji maneno.

Kwa hiyo hizo sahani zote alizopika kwenye nyumba za watu zilianzia kwa mama yake, na sahani ya kwake mwenyewe alikuwa hajaipika.

Nilijua kwamba Jovina ameogopa kwa jambo moja. Alinipimia kisado cha maharage kikiwa na mlima juu, na hakuupangusa. Jovina alikuwa mtu wa kupangusa kisado kwa kiganja mpaka punje ya mwisho irudi ghalani. Nikamwambia kimejaa kupita kiasi. Akasema chukua. Hapo nikaona mwanamke huyu anaamini kweli kwamba atakufa, na kwamba yupo tayari kufa kuliko kwenda Mazwi.

Niseme wazi kwamba nilipiga hesabu zangu. Asipomwita Kristiana kabla jua la kesho halijazama, hata kama atabaki hai, hakuna nyumba ya Pito itakayomsikiliza tena, na madalali wangerudi kupita mlango kwa mlango kabla mwezi haujaandama. Hiyo ilikuwa sababu ya kutosha. Nyingine ni kwamba nilikuwa nimemzoea, na mtu wa kubishana naye vizuri hapatikani kila soko.

Asubuhi nikaenda Mazwi. Kristiana nilimkuta uani kwa Leonsi, amenyoosha miguu iliyovimba juu ya kigoda, anachambua mchele. Sura ni ya Jovina, ila imeongezewa ukali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamweleza.

“Bundi kalia kwake,” akasema. “Kwangu hajalia. Mwenye shida ndiye anayetembea.”

“Mama, akija utakwenda naye?”

“Akija alete na pole ya mume wangu. Akae chini hapa, kwenye mkeka, kama walivyokaa wenzake. Hapo ndipo nitafikiri.”

Nikampigia Jovina simu nikiwa nimesimama nje ya geti. Akasema kwanza Kristiana akiri habari ya jiwe. Nikarudi ndani. Kristiana akasema habari ya jiwe ataambiwa mtu aliyekaa kwenye mkeka, si mtu aliye kwenye simu. Nikatoka tena. Nimewahi kusuluhisha bei kati ya wavuvi wa Kasanga na wachuuzi wa Mpanda, watu wasioaminiana hata kwa mizani, lakini wale angalau kila upande unataka biashara. Hawa wawili kila mmoja alikuwa anataka mwenzake aanze tu, na hilo halina nusu ya kukutania. Kufika adhuhuri vocha imekwisha na hakuna aliyesogea.

Nikachukua pikipiki nikarudi Pito. Jovina alikuwa amekaa ndani peke yake, jiko halijawashwa. Kina mama walikuwa wanapita barabarani kwa visingizio, mmoja anatafuta kuku, mwingine anatafuta mtoto ambaye yupo shuleni, kila mmoja akichungulia.

Nilikuwa nimeshafikiria njiani. Ukiona mtu hawezi kulipa bei, unamtafutia njia ya kuuondoa mzigo mikononi mwake.

“Mama Jovina,” nikamwambia, “jana chini ya bati hili tulikuwa wengi. Mimi ndiye nilikuwa karibu na mlango. Nani kasema ujumbe ni wako? Nipe mimi. Namchukua bundi huyo, nipike mimi ugali, nimwite mtu wangu, jua lizame tumemaliza.”

Akanitazama. “Unataka kununua kifo changu?”

“Kama bei ni nzuri.”

“Na wewe una nani usiyesema naye?”

“Nitamtafuta. Mjini hawakosekani.”

Akacheka, na kicheko kikakatika. Akachukua mwiko wa jana, akaanza kuukwangua unga mkavu. Mimi nilijua nimetoa pendekezo zuri: kina mama wangeridhika, neno lake lingebaki, na yeye asingepiga magoti kwa mtu. Ningekuwa mimi ningelikubali.

“Ukimchukua wewe,” akasema mwishowe, “Kristiana ataitwa na nani?”

Nikachungulia nje kuona jua limefika wapi.

“Ita pikipiki, Mwantum,” Jovina akaniambia. “Na nishikie yule jogoo mwekundu.”

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Jovina alikaa upande kwa mtindo wa kizamani, jogoo chini ya kwapa, mfuko wa unga mapajani, mtandio umefungwa kichwani kama anakwenda msibani. Na msibani ndiko alikokuwa anakwenda. Alipofika uani kwa Leonsi hakumsalimia mtu. Alimweka jogoo na unga mbele ya dada yake, akavua viatu, akakaa mkekani na miguu ameikunja, akainamisha kichwa, akalia kilio cha shemeji, kile cha kutaja jina la marehemu na kazi zake. Akalilia mikono ya Lazaro iliyojua kuezeka, akalilia ng'ombe wake wa kulimia. Majirani wakatokeza vichwa juu ya ukuta wakijiuliza nani kafa. Leonsi ikabidi atoke awaambie ni baba yake, aliyekwisha kufa siku nyingi.

Kristiana alimwacha alie mpaka atosheke. Hakuongeza wala kupunguza. Kisha akasogeza kigoda chake karibu, kwa shida, kwa ile miguu.

“Jiwe aliagiza mama,” akasema.

Jovina akainua uso.

“Alimsikia bundi akilia. Akamshika Lazaro mkono, akamwambia, mfukuze huyo, Jovina hajafika. Akasema hivyo mara mbili. Mfukuze, mwanangu yupo njiani. Lazaro alitupa kumtisha tu. Likampata.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Uliniachia nafasi? Uliingia unapiga kelele. Mume wangu akaitwa muuaji mbele ya maiti ya mama mkwe wake, na mimi niseme nini? Nikasema moyoni, akinyamaza nitamwambia. Hukunyamaza. Halafu mimi nami nikanuna.”

Jovina alinyoosha mkono akaanza kukanda mguu wa dada yake, kuanzia kifundoni, kwa vidole gumba, kama vile ile ndiyo kazi aliyoitiwa pale. Kristiana akamwambia anakanda vibaya, miaka yote hii hajajifunza. Akamwambia akande kuelekea juu.

Mimi nikawakumbusha jua. Tulipata bajaji, tukampakia Kristiana na mto wake, na ugali wa ulezi ukaiva wakati bati la Jovina bado lina mwanga kidogo upande mmoja. Rosina na wenzake walisimama barazani hawataki kuondoka. Wale dada wawili walikula sahani moja bila kutazama ukuta. Kristiana alilalamika kuhusu mboga, kuhusu moshi, kuhusu baridi ya Pito, na alipomaliza kulalamika akauliza atalala wapi.

Alikuja kwa sahani moja akakaa. Leonsi alileta godoro, kisha akaleta nguo, kisha akaacha kuuliza mama anarudi lini. Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika. Kristiana miguu yake haikumruhusu kwenda shamba, kwa hiyo kazi yake ikawa kukaa mlangoni mwa ghala na kutazama kisado changu. Jovina alikuwa mkali kwenye bei. Kristiana alikuwa hajui maana ya kupunguza. Nikitaja idadi ya samaki, anamgeukia mdogo wake anamuuliza huyu mama anaumwa? Na zaidi ya yote aliwafundisha kina mama wote wa Pito kuvunja migebuka shingo na kuinusa.

Alifariki kipupwe cha mwaka huu, mchana, Jovina ameshika mkono wake na ameshamlisha uji. Hakuna bundi aliyelia, si usiku wa kuamkia siku ile wala wiki ile. Jovina aliniambia hivyo mwenyewe siku nilipokwenda kumpa pole, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu. Alisema dada yake hakuhitaji kutumiwa tarishi, maana kila aliyepaswa kuwepo alikuwa ndani.

Siku hizi bundi akilia kwa jirani bado wanamtuma mtoto kwa Jovina, lakini si kama zamani. Anakwenda na unga wake, akikuta watu wana mawe hawaambii wayaweke chini. Anawaambia atakayetupa atupe, pengine ndani yupo anayesubiri mtu. Ila waite kwanza. Watu hawakulipenda hilo. Zamani aliwapa jambo moja la kushika, tarishi apokelewe, sasa anawapa mawili na kuwaachia wachague. Wengine wameacha kumwita. Nilimwambia bidhaa yake imebadilika na wateja wameona. Akasema anajua, lakini ile ya mwanzo alikuwa anaiuza bila kujua kilichomo ndani.

Alichopoteza basi ni hicho, sehemu ya jina lake pale Pito, na ile hasira iliyomtuma kwenye nyumba za watu kwa miaka mingi. Alichopata ni dada, kwa misimu miwili ya maharage, na kuagana naye. Yeye anasema amepata faida, na simbishii, ingawa ndiyo kazi yetu. Mimi nilibaki na maharage ya Pito yote, hakuna dalali aliyeingia. Nilichopoteza ni bei. Kina mama wale wanavunja samaki mpaka leo, na Jovina anapangusa kisado kwa kiganja chake mara mbili, moja yake na moja ya marehemu dada yake. Bei ile ya zamani sijawahi kuirudisha, na sijajaribu sana.